CHETI CHA BUNDUKI HAKIVUKI MPAKA
Jinsi sheria za silaha zinavyowaamulia watu safari na makao

Yapo mambo mengi yanayomfanya mtu afunge virago na kwenda kuishi kwingine. Kuna anayefuata kazi, kuna anayefuata shule, kuna anayefuata malisho na kuna anayefuata samaki. Sisi wa Mbita tunawajua sana hawa wa mwisho, kwani karibu kila boma lina mtu aliyewahi kuhamia Remba, Ringiti au Migingo kwa sababu mbuta walikuwa wengi huko. Lakini kuna jambo jingine linaloamua safari za watu ambalo halitajwi sana, nalo ni sheria ya bunduki. Serikali hii inamruhusu raia kuwa na silaha kwa cheti, ile inampa mlinzi wa kijiji bunduki ya serikali, na nyingine inamfunga jela kwa bunduki iyo hiyo. Mpaka ukipita katikati ya sheria hizo, watu huvuka, hurudi, huzunguka ama huhama kabisa.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya swali ninalolisikia kila mara ufuoni. Wezi wa injini wamewasumbua wavuvi wetu kwa miaka mingi, na wengine wao hubeba silaha. Basi watu huuliza, "Mbona kule Turkana watu hupewa bunduki za serikali walinde ng'ombe wao, na sisi hatupewi tulinde mashua zetu?" Nimelisikia kwa wazee wanaoshona nyavu, nimelisikia kwenye feri ya kwenda Luanda K'Otieno, na hata darasani limewahi kuzua ubishi hadi mwalimu akagonga meza. Ni swali la haki. Tusilijibu kwa kelele. Tuangalie kwanza yaliyowapata watu wengine ambao sheria za silaha ziliwaamulia safari zao, kisha turudi ziwani.

SHERIA ZENYEWE ZIKOJE?

Hapa Kenya silaha hutawaliwa na Sheria ya Silaha, yaani Sura ya 114. Raia anayetaka bunduki huomba cheti, huchunguzwa tabia yake na sababu yake, na anaweza kukataliwa. Katiba yetu ya mwaka 2010 haitaji popote haki ya kumiliki bunduki. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliwaamuru hata wale waliokuwa na vyeti tayari wajitokeze wachunguzwe upya. Tena kuna askari wa akiba, ambao zamani waliitwa KPR. Hawa ni wanakijiji wanaopewa bunduki na serikali ili walinde sehemu yao wenyewe, hasa kule kaskazini ambako kituo cha polisi kinaweza kuwa mwendo wa siku nzima.

Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Tanzania ilitunga sheria mpya mwaka 2015 badala ya ile ya 1991. Ukizisoma juu juu, sheria za nchi hizi tatu zinafanana kama ndugu: omba, chunguzwa, sajili, tunza. Tofauti hujitokeza katika vile kila serikali inavyozitekeleza, na hujitokeza zaidi pale mtu anapovuka mpaka.

Tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Anafika Busia, anaonyesha kitambulisho, anapita. Lakini cheti chake cha bunduki kinaishia palepale. Upande wa pili ni karatasi tupu, na bunduki iliyokuwa halali hatua kumi nyuma sasa ni kosa la jinai, isipokuwa kama aliomba kibali cha nchi hiyo kabla hajafunga safari. Kwa ufupi, kitambulisho huvuka, cheti cha bunduki hakivuki. Tukumbuke sentensi hii, maana ndiyo shina la mambo yote yanayofuata.

WAWINDAJI WALIOHAMISHWA NA SHERIA

Mfano wa kwanza ni wa watu wenye pesa. Zamani matajiri wa Ulaya na Marekani walikuja Afrika Mashariki kuwinda, na kulikuwa na wawindaji wa kulipwa walioishi kwa kazi ya kuwaongoza porini. Mwaka 1973 Tanzania ilifunga uwindaji. Aliyetaka kuwinda akaja Kenya. Kisha Mei 1977 Kenya nayo ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama wakubwa, na mwaka uliofuata, 1978, Tanzania ikaufungua tena. Mambo yakageuka kama mizani: wawindaji wengi wa kulipwa waliokuwa wakikaa Nairobi walifunga kambi zao wakahamia Tanzania, Botswana na kwingineko. Na kumbuka kwamba wakati huo mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa, kwani ulifungwa Februari 1977 ukafunguliwa Novemba 1983. Hata hivyo watu walipata njia za kuzunguka.

Matokeo yake tunayaona hadi leo. Mgeni anayetaka kuwinda nyati huteremka Tanzania akiwa na bunduki yake na kibali cha muda. Mgeni anayekuja Kenya huja na kamera. Hata hapa kwetu, katika Mbuga ya Ruma kwenye bonde la Lambwe, wageni huja kumtazama korongo, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu ambaye kundi lake la mwisho la asili nchini liko hapo. Sisemi kwamba mmoja kati ya majirani hawa wawili alikosea. Nasema tu kwamba mistari michache ya sheria ilibadilisha viwanja vya ndege, hoteli na ajira za watu wa nchi mbili.

WACHUNGAJI WALIO KATIKATI

Mfano wa pili ni wa watu wasio na pesa, nao ndio mzito zaidi. Katika mpaka wa Kenya na Uganda upande wa kaskazini wanaishi Waturkana na Wapokot kwa upande wetu, na Wakaramojong kwa upande wa Uganda. Kiangazi kikikaza, Waturkana huvuka na mifugo kuingia Karamoja ambako kuna nyasi na maji. Safari hizo ni za zamani kuliko mpaka wenyewe.

Silaha nyingi ziliingia eneo hilo mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka. Askari walikimbia kambi ya Moroto wakaacha ghala la silaha, na Wakaramojong wakajichukulia. Aliyekuwa jirani yao naye akatafuta zake ili asiwe mnyonge. Bunduki ikawa kama fimbo ya kuchungia.

Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kukusanya bunduki hizo. Mwanzoni ilikuwa kwa hiari. Aliyesalimisha bunduki aliahidiwa vitu kama majembe ya kukokotwa na ng'ombe na mabati. Wengi walisalimisha. Lakini mwaka 2002 wanajeshi wengi waliondolewa wakapelekwa kupigana na waasi wa Kony. Hebu fikiria: umemnyang'anya mtu silaha, halafu umeondoa mlinzi uliyemwahidi, na jirani yake bado ana bunduki. Waliosalimisha walivamiwa na wale ambao hawakusalimisha. Basi walionyang'anywa wakatafuta bunduki nyingine.

Mwaka 2006 jeshi la Uganda lilirudi kwa nguvu, likizingira vijiji alfajiri na kupekua. Hapo ndipo tunaona wazi jinsi sheria inavyowahamisha watu. Wengine walivuka mpaka na bunduki zao kwenda upande ambao hakukuwa na msako. Wengine waliobaki bila silaha walilazimika kulaza ng'ombe wao karibu na kambi za jeshi ili walindwe, hata kama nyasi za hapo zilikwisha. Mchungaji hakuchagua tena malisho kwa kuangalia mvua. Aliyachagua kwa kuangalia askari wako wapi.

Kwa upande wetu, mwenye bunduki ya askari wa akiba ni mlinzi halali akiwa nyumbani Turkana. Akivuka nayo kufuata ng'ombe, tayari ni mtu mwenye silaha haramu katika nchi ya watu. Septemba 2019 marais wa nchi hizi mbili, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, walikutana Moroto wakatia sahihi mapatano ya amani ya mpakani. Hata hivyo shida haikwisha. Mwaka 2023 mahakama ya kijeshi huko Moroto iliwahukumu Waturkana 32 vifungo virefu kwa ajili ya bunduki. Mwezi wa Mei mwaka huo Rais Museveni alitoa amri kwamba Waturkana wasiingie tena Uganda na silaha, na akatoa miezi sita ya kutimiza masharti yake, la sivyo wafukuzwe pamoja na mifugo yao. Wakati huohuo, Kenya ilikuwa imeanza operesheni ya kuwasaka majambazi na kukusanya silaha katika kaunti sita za Bonde la Ufa kuanzia Februari 2023.

Sasa jiweke katika nafasi ya mchungaji huyo. Akivuka na bunduki, anaweza kufungwa. Akivuka bila bunduki, anaweza kuibiwa ng'ombe wote na kuuawa. Asipovuka, ng'ombe watakufa kwa kiu. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali hawakupigana hata. Walitunga tu sheria bila kuangaliana.

HUKO MAREKANI JE?

Huenda mtu akadhani haya ni mambo ya nchi zetu pekee. La hasha! Marekani ni nchi moja lakini ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake za bunduki juu ya zile za taifa. Katiba yao iliongezwa kifungu cha haki ya kubeba silaha mwaka 1791, lakini namna ya kuitumia haki hiyo hubishaniwa jimbo kwa jimbo. Vermont haijawahi kumdai mtu mzima kibali cha kubeba bastola. Texas iliacha kudai kibali hicho Septemba 2021. Illinois nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuwaruhusu raia wa kawaida kubeba bastola iliyofichwa, mwaka 2013, na inadai kibali chake yenyewe. New Jersey ni kali sana, na mgeni aliyebeba bastola kwa cheti cha kwao anaweza kufungwa miaka.

Mjomba wangu huendesha lori Texas. Yeye hana bunduki, lakini anasema wenzake wanaozimiliki hutazama ramani mara mbili: mara ya kwanza kujua barabara, mara ya pili kujua sheria. Kuna anayekataa mzigo wa kwenda majimbo ya kaskazini mashariki, na kuna anayeiacha bastola nyumbani. Kuna sheria ya taifa ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri anayepita tu katika jimbo kali, mradi atoke mahali ambapo silaha yake ni halali na aende mahali ambapo ni halali, na njiani iwe haina risasi na imefungiwa mbali asipoweza kuifikia. Lakini akilala njiani au akikaa siku kadhaa, ulinzi huo huwa wa mashaka.

Mjomba anasema pia kwamba wapo watu wanaohama kwa sababu hii, na wanahama pande zote mbili. Mmoja huondoka jimbo kali akitaka uhuru wa bunduki yake. Mwingine, hasa mwenye watoto wadogo, huogopa jimbo ambalo mtu dukani anaweza kuwa na bastola kiunoni, akatafuta kwingine. Ni sheria ileile. Huyu inamvuta na yule inamfukuza.

Lakini angalieni tofauti kati ya Marekani na Karamoja. Dereva wa Texas ana nafasi ya kuchagua. Akiacha bunduki nyumbani, mzigo wake utafika. Mchungaji wa Turkana hana nafasi hiyo. Kwa hiyo sheria zinazotofautiana humsumbua tajiri, lakini maskini humvunja mgongo.

TURUDI ZIWANI

Sasa tunaweza kulijibu swali la ufuoni. Je, wavuvi wapewe bunduki?

Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Mbuta hawajui hilo, nao wavuvi hufuata mbuta. Mwaka 2017 Uganda iliweka wanajeshi kusimamia uvuvi katika maji yake. Tanzania nayo ilifanya msako mkali wa uvuvi haramu mwaka 2018 ulioitwa Operesheni Sangara. Kenya ilianzisha Huduma ya Walinzi wa Pwani mwaka huohuo wa 2018, na doria zao zafika hata ziwani. Kwa hiyo mashua ya Mbita inaweza kukutana na silaha za serikali tatu, mbali na zile za wezi.

Baba yangu mdogo alikuwa akivua mbuta kutoka Remba. Usiku mmoja watu wenye bunduki walimfuata wakamnyang'anya injini na nyavu, yeye na wenzake wakapiga kasia hadi asubuhi. Hajui walikuwa raia wa wapi. Siku hizi ameacha maji ya mbali. Anavua omena karibu na Mfangano, pesa ni kidogo na karo ya watoto wake imekuwa kazi. Nilimuuliza kama angependa kupewa bunduki. Alicheka, akasema, "Mwanangu, usiku majini hakuna kibao cha kusema karibu Uganda. Upepo ukinisukuma na hiyo bunduki yako, nitaenda kumweleza nani?"

Maneno hayo mimi naona yanazidi hotuba nyingi. Kule Busia mpaka una lango, askari na bendera. Mchungaji wa Turkana angalau anaujua mlima na mto. Majini hakuna alama. Nyavu huachwa zielee usiku kucha na mashua huzifuata. Mvuvi mwenye bunduki halali ya Kenya anaweza kulala akiwa mlinzi wa kijiji na kuamka akiwa mhalifu wa kimataifa, bila kupiga kasia hata mara moja. Na wanajeshi wakiona mashua ina bunduki, hawatauliza cheti kwanza. Bila bunduki, mvuvi aliyepotea hukamatwa na kutozwa faini au kufungwa. Akiwa nayo, anaweza kupigwa risasi.

Isitoshe, bunduki ya ufuoni haitalala. Tumeona Karamoja: jirani akipata, jirani mwenzake hutafuta. Ufuo mmoja ukipewa, ufuo wa pili utadai, na wezi watatafuta kubwa zaidi. Sisi tunaokaa karibu na Rusinga hatuhitaji kufundishwa uchungu wa risasi. Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kaburi lake liko hapo kisiwani tukilitazama.

Wapo watakaosema, "Basi tukae tu tuibiwe?" Hapana. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa mtu asiyelindwa na serikali yake atajilinda kwa chochote. Karamoja ilitufundisha hilo pia: kumwambia mtu asibebe silaha bila kumpa mlinzi ni kumtoa kafara. Kwa hiyo ninaona mambo matatu yanafaa.

Kwanza, doria za pamoja. Nchi hizi tatu ziko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na zina shirika la pamoja la uvuvi wa ziwa hili lenye makao Jinja. Ikiwa mwizi anaweza kuvuka mpaka wa maji kwa dakika tano, boti ya polisi nayo iwe na ruhusa ya kumfuata ikishirikiana na wenzao wa ng'ambo.

Pili, injini ziwekwe alama na kuandikishwa katika daftari la kila ufuo, na daftari hizo zilinganishwe kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Injini ya wizi ikikosa mnunuzi, mwizi atakosa sababu ya kununua risasi.

Tatu, sheria za silaha zilinganishwe kwa vitendo. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi, zikaahidi kuoanisha sheria za silaha ndogo ndogo, kuweka alama kwenye bunduki na kushirikiana mipakani. Ahadi ipo. Kama Kenya na Uganda zingekusanya bunduki siku moja, pande zote mbili za mpaka, na kuacha walinzi pande zote mbili, mchungaji asingekuwa na pa kukimbilia wala sababu ya kukimbia.

Mpenzi msomaji, wengi wetu tutamaliza kidato cha nne na kutawanyika. Wengine watakwenda Kampala, wengine Mwanza, wengine Nairobi na pengine ng'ambo. Wachache watarudi majini. Popote uendako, uliza sheria ya huko kabla hujafika, maana sheria ya kwenu haitakusindikiza. Na ikitokea siku moja umekuwa diwani, mbunge au ofisa wa serikali, kumbuka kwamba kila mstari unaouandika kuhusu silaha kuna mtu mpakani ambaye utamwamulia alale wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Lakini mgeni huyo aje mikono mitupu, na mwenyeji awe na mlinzi.